Nani Alimwambia Mwenye Mbwa?

Asubuhi ile tulihesabu kondoo watatu waliokufa. Wawili walikuwa karibu na lango la zizi, wa tatu mtaroni, miguu juu, kama aliyeteleza akashindwa kuinuka. Mama hakulia. Alijifunga leso vizuri, akapita kwa mmoja baada ya mwingine, akageuza shingo kwa ncha ya gambuti, kisha akasema, "Huyu si fisi."

Nikamuuliza amejuaje.

"Fisi anakula," akanijibu.

Fisi akiingia zizini, asubuhi unakuta damu na kipande cha ngozi; kondoo mwenyewe ameshaenda. Chui anabana koo, anabeba mmoja, anaondoka. Hawa wetu walikuwa wameng'atwa mapaja, masikio na miguu ya nyuma, sufu imetapakaa kila mahali, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameliwa. Wengine wawili walikuwa hai lakini wametobolewa, wanatetemeka pembeni. Aliyefanya kazi hiyo hakuwa na njaa. Alikuwa amekula kwao jioni, kisha akatoka kucheza.

Kwao palikuwa kama mita mia mbili kutoka kwetu. Kijana wa bodaboda anayepita saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameona mbwa wawili wakubwa, mmoja wa kahawia na mwingine mweusi, wakijipenyeza chini ya waya wa jirani mwenye lango jeusi. Jirani huyo tunamjua kwa gari lake kuliko kwa sura: anatoka kabla ya jua, anarudi usiku. Mchana mbwa wake hufungiwa bandani. Usiku huwaachilia walinde. Langoni ameandika kwa rangi nyekundu: MBWA KALI.

Kufikia saa mbili, grupu ya WhatsApp ya majirani ilikuwa moto. Mama aliweka picha. Zikafuata pole nyingi, halafu ule wimbo ambao kila mwenye mbwa anaujua: wangu hulala ndani, wangu hawezi, hao ni mbwa koko wa sokoni. Hata mimi niliandika. Niliandika kwamba Simba wetu hajawahi kutoka nje ya fensi. Tafadhali ikumbuke sentensi hiyo, tutairudia.

Mimi ni mtu wa kusoma. Kitu kikiniuma nakitafutia historia, tabia ambayo Mama huiita kukwepa kazi. Wiki zile, yeye akiziba matundu ya fensi, mimi nilikuwa nikisoma kuhusu mbwa wa watu na mifugo ya watu, kuanzia Iraki ya kale hadi mahakama za Uingereza. Nilitaka jibu la swali moja tu: mbwa wa jirani akiua kondoo wako, nani analipa? Nilichokuta ni kwamba binadamu wameulizana mambo haya kwa karibu miaka elfu nne, na kila mara mazungumzo yao yanarudi kwa swali dogo zaidi. Mwenye mbwa alikuwa anajua?

*

Lakini kwanza uelewe tunakaa wapi.

Tuko nje kidogo ya Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Baada ya mkataba wa 1911, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka Laikipia ikawasukuma katika hifadhi ya kusini, na nyanda hizi zilikuwa sehemu ya hifadhi hiyo. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 ikaunda ranchi za pamoja: hati moja, familia nyingi, malisho yasiyo na ua. Ranchi ya Kitengela iligawanywa 1988, kila familia ikapata kipande chake. Kuanzia 1990 eneo la EPZ likaja Athi River na viwanda vyake, wafanyakazi wakahitaji pa kulala, na vile vipande vikauzwa, vikakatwa, vikauzwa tena, hadi vikafikia kile kipimo ambacho kila Mkenya anakiota usiku: hamsini kwa mia.

Mama alinunua ploti zake mbili alipostaafu. Upande wa nyuma tunapakana na boma la mzee wa Kimaasai ambaye alichunga hapa kabla ya waya wa kwanza kupigwa. Yeye ndiye aliyenieleza tofauti ya mbwa. Zamani, alisema, mbwa walikuwa wa boma. Walilala langoni, walikua pamoja na wana-kondoo, harufu ya mifugo kwao ni kama harufu ya mama. Na kila mtu alijua mbwa gani ni wa boma gani.

"Na akiua kondoo?"

"Hakuona jua lingine."

Mbwa wa ploti ni kiumbe tofauti. Analetwa akiwa mdogo, anafungiwa bandani ili awe mkali, hajawahi kukaa karibu na kondoo hata siku moja. Halafu saa nne usiku anafunguliwa, anapata tundu, anakutana na mwenzake, na mbele yao kuna kitu chenye sufu ambacho kikiogopa kinakimbia. Kwa mbwa, kinachokimbia hufukuzwa. Hana chuki. Hata njaa hana, na ndiyo maana haachi baada ya mmoja.

Jambo la kuchekesha, kama bado una moyo wa kucheka, ni kwamba simba angetufaa zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, iko wazi upande wa kusini ili wanyama wapite, na simba hutoka. Mwezi wa Juni 2012 watu wa Kitengela waliwaua simba sita walioingia kwa mbuzi, na dunia nzima ikatuangalia. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria mpya ya wanyamapori, ambayo inatambua kwamba simba, chui au fisi akiua mifugo yako, serikali inapaswa kukulipa fidia. Muulize mfugaji yeyote malipo hayo huja kwa mwendo gani, atakuchekea. Lakini fomu ipo. Mbwa hana fomu. Mbwa ana jirani.

*

Grupu haikukosa mapendekezo.

La kwanza lilikuja kabla ya chai: "Wekeni sumu story iishe." Watu sita wakaweka vidole gumba. Mama alikataa papo hapo, na si kwa upole wa moyo. Alikumbuka miaka ambayo wafugaji walipaka nyama dawa ya wadudu, ile Furadan, ili kuua simba na fisi. Watengenezaji walianza kuiondoa kwenye maduka ya Kenya mwaka 2009 baada ya kelele za simba kufa. Walikufa pia tumbusi kwa wingi, kwa sababu nyama yenye sumu haichagui mlaji. "Leo ni mbwa," Mama aliandika, "kesho ni mtoto wa mtu ameokota." Vile vidole gumba vikanyamaza.

La pili lilionekana la kistaarabu. Mtu mmoja akasema kaunti itoze kila mbwa kodi nzito, hivyo wasioweza kulipa waache kufuga. Nilikaribia kuunga mkono, hadi nikasoma yaliyotokea kusini mwa Namibia miaka mia moja iliyopita.

Nchi hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa Wajerumani, ikawa chini ya Afrika Kusini kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Watu wa Bondelswarts, ambao ni Wanama, walikuwa wafugaji na wawindaji. Mbwa wao walifanya kazi mbili: kuwinda, na kuwafukuza mbweha wasile mbuzi na kondoo. Serikali ikaweka kodi ya mbwa, na mwaka 1921 ikaipandisha sana. Masetla walilalamika kwamba mbwa wa Waafrika ni kero, lakini shabaha ilikuwa wazi. Mtu mwenye mbwa anaweza kula bila kuajiriwa. Muondolee mbwa, atakuja shambani kwako kutafuta kibarua. Wengi walishindwa kulipa, wakashtakiwa. Mei 1922 serikali ilipotaka kumkamata kiongozi wao mmoja, Abraham Morris, mambo yakalipuka. Msimamizi wa nchi, Gysbert Hofmeyr, alipeleka karibu askari mia nne, bunduki za rashasha, na ndege mbili zilizodondosha mabomu. Zaidi ya watu mia moja waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo. Morris naye akafa.

Nilifunga simu nikakaa kimya. Tangu siku hiyo, mtu akisema "hawa watu na mbwa wao", mimi huuliza kwanza: hawa watu gani? Kwa sababu kwenye grupu yetu nilikuwa nimeanza kuona sentensi hiyo ikigeuka. Ilianza na mbwa wa lango jeusi. Kufikia jioni kulikuwa na mtu aliyekuwa akisema shida ni mbwa wa "wale wa maboma". Mzee wetu wa nyuma hayuko kwenye grupu. Hana hata simu ya kugusa.

*

Sheria ya zamani zaidi kuhusu mbwa ambayo nimeisoma inatoka Eshnunna, mji wa kale nchini Iraki. Vibao vyake vya udongo vilichimbuliwa miaka ya 1940 viungani mwa Baghdad, na ni vya zamani kidogo kuliko sheria za Hammurabi. Hiyo haizungumzii kondoo, inazungumzia mtu aliyeng'atwa akafa. Lakini angalia inavyokwenda. Ikiwa mbwa ni mkali, na wakuu wa mtaa wamemjulisha mwenyewe, naye asimfungie, kisha mbwa akamng'ata mtu akafa, basi mwenye mbwa atalipa shekeli arobaini za fedha. Kwa mtumwa, shekeli kumi na tano. Dunia hiyo ilikuwa na bei ya kila mtu.

Kilichonishika si fedha. Ni wale wakuu wa mtaa. Neno lao la kale kwa mtaa lilitokana na neno la lango: watu wa lango moja, wanaojuana. Sisi tungewaita Nyumba Kumi. Yaani karibu miaka 3,800 iliyopita kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuvuka barabara, kubisha hodi, na kumwambia jirani mbele ya mashahidi: mbwa wako ni mkali, mfunge. Kabla ya hodi hiyo, ajali ni ajali. Baada yake, ni yako.

Wagiriki walikuwa na njia yao. Plutarch anasimulia kwamba Solon, mtunga sheria wa Athens, aliagiza mbwa aliyeng'ata akabidhiwe kwa aliyeumizwa, akiwa amefungwa shingoni gogo la dhiraa tatu, karibu mita moja na theluthi. Hebu mfikirie mbwa huyo akijaribu kupita chini ya waya. Warumi walimpa mwenye mnyama uchaguzi: lipa hasara, au mtoe mnyama mwenyewe.

Kisha nikafika Uingereza, ambako sheria yetu nyingi ilizaliwa, na huko nikakuta majaji wamelishika lile swali la Eshnunna wakaligeuza ngao. Ili mwenye mbwa alipe, ilibidi uthibitishe kwamba alijua mbwa wake ana tabia hiyo. Kama ni mara ya kwanza, pole. Mwaka 1855 kesi ya kondoo kutoka Uskoti, Fleeming dhidi ya Orr, ilifika hadi Baraza la Malordi, na mwenye mbwa akashinda, kwa kuwa kosa lake mwenyewe halikuthibitishwa. Watu wakaanza kudhihaki kwamba sheria inampa kila mbwa haki ya kuua mara moja bure. Wafugaji hawakucheka. Bunge likabadilisha sheria kwa Uskoti 1863 na kwa Uingereza 1865: kwa ng'ombe na kondoo, hakuna tena cha kuuliza mwenye mbwa alijua au hakujua. Mbuzi maskini alisubiri hadi 1906 ndipo atajwe kwa jina.

Kwa binadamu lile swali lilibaki, na lilikuwa na ukaidi wa ajabu. Mwaka 1896, katika kesi ya Osborne dhidi ya Chocqueel, mtu aliyeng'atwa alithibitisha kwamba mwenye mbwa alijua mbwa huyo aliwahi kumng'ata mbuzi. Haitoshi, mahakama ikasema. Kumjua mbwa wako kwamba anang'ata mbuzi si kumjua kwamba anang'ata watu.

Mwaka mmoja baada ya kesi hiyo ndiyo tarehe yetu. Sheria ya 1967 inayoelekeza mahakama za Kenya zitumie sheria zipi bado inataja siku moja, 12 Agosti 1897: misingi ya majaji wa Uingereza, pamoja na sheria zao za jumla kama zilivyokuwa siku hiyo, inatumika hapa kadiri hali ya nchi na ya watu wake inavyoruhusu. Tulifunguliwa sanduku hilo likiwa limejaa, na ndani yake mlikuwa na mbwa.

Juu yake tukaongeza hofu ya ugonjwa. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na hadi leo tuna sheria nzima ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, inayowapa wakuu uwezo wa kuagiza mbwa wafungwe au mbwa wanaozurura wauawe. Ni sheria ya maana. Daktari wa mifugo alipokuja kuwashona wale kondoo wawili, kitu cha kwanza aliuliza ni kama mbwa hao wamechanjwa. Lakini sheria hiyo inalinda umma dhidi ya ugonjwa. Haimrudishii mtu kondoo wake.

Na ile alama ya langoni? Mwalimu yeyote wa Kiswahili atakwambia ni kosa: mbwa ni mkali, si kali. Mimi nikiisoma nasikia Kisetla, kile Kiswahili cha bwana kwa mtumishi wake, amri zisizo na viambishi. Kwa masikio yangu ni kibao cha mtu aliyeogopa wapita njia, na tumekirithi, tukakipigilia kwenye malango yetu bila kurekebisha hata herufi moja. Ila kina kichekesho chake. Mahakamani, anayeulizwa kama alijua mbwa wake ni mkali atasemaje, ilhali ameandika mwenyewe kwa rangi nyekundu?

*

Mama hakungoja nimalize kusoma. Jumapili moja jioni alimchukua mwenyekiti wa Nyumba Kumi, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu, wakaenda kubisha lango jeusi. Nilienda nao. Jirani alitoka na kandambili, adabu tele. Akasema pole, Mama, pole sana. Akauliza kama tuna ushahidi. Akasema mbwa wake hawajawahi kufanya kitu kama hicho, hajawahi kusikia. Hakulipa.

Mwalimu hakubishana. Alifungua daftari lake, akaandika tarehe, saa, majina yetu wote, na maneno ya Mama. Akamsomea jirani.

"Umenisikia, baba?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Sawa. Basi sasa umeambiwa."

Nilitabasamu gizani. Eshnunna kabisa.

Wiki tatu baadaye, Jumatano, niliamka alfajiri kwa sababu nilikuwa na safari ya tao. Nilisikia Simba akikwaruza mlango wa jikoni. Nilipofungua aliingia akitingisha mkia, akanilamba mkono. Mdomo wake ulikuwa umelowa. Nikawasha taa ya simu. Kwenye meno ya pembeni kulikuwa na kishungi cha sufu, na kifua chake chote, ile sehemu nyeupe, kilikuwa chekundu.

Sasa nitakwambia nilichofanya. Nilichota maji kwenye karai nikamwosha. Niliosha kifua, mdomo, miguu, nikamwaga maji nyuma ya choo. Nilikuwa bado nimeshika taulo niliposikia mayowe kutoka boma la mzee.

Kondoo wanne. Kufikia saa mbili grupu ilikuwa imeshahukumu: lango jeusi, tena ameshaambiwa, iko kwa daftari. Bodaboda alikuwa ameona mbwa wa kahawia na mweusi. Alisema pia aliona wa tatu, lakini giza lilikuwa jingi. Mama aliandika maneno makali kuliko wote. Mimi sikuandika kitu.

Siku mbili nilitembea na jambo hilo. Na ubaya wa kusoma ni huu: nilikuwa na hoja. Ilikuwa mara ya kwanza ya Simba. Hakuna aliyekuwa amebisha kwetu. Hakuna daftari lenye jina letu. Ile ngao ya majaji wa zamani, iliyonikasirisha mdomoni mwa jirani, ilinitosha kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo changu. Nikagundua kwamba jirani huenda hakuwa anadanganya usiku ule langoni. Huenda alikuwa anajua kiasi nilichokuwa najua mimi nilipoandika kwamba Simba hajawahi kutoka. Hakuna mtu anayefuga muuaji. Kila mtu anafuga yule anayemlamba mkono.

Tofauti ni kwamba mimi sasa nilijua. Na nilikuwa nimefua ushahidi.

Ijumaa usiku Mama alikuwa mezani akipanga atakachosema kwenye kikao cha kesho. Nikamwambia. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho.

"Ulimwosha?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa karai gani?"

"La bluu."

Alinyamaza kitambo kirefu. Halafu akakunja karatasi yake mara mbili. "Kesho utasema wewe," akaniambia. "Mimi sijui kitu. Wewe ndiye unajua."

Kikao kilikuwa uwanjani kwa Mwalimu, viti vya plastiki, mzee amekaa chini ya mti na fimbo yake, jirani wa lango jeusi amevaa koti kama anaenda kanisani. Nilisema kabla hajaulizwa. Nilisema yote, na karai pia. Jirani alinitazama, na sikuona furaha usoni mwake. Alionekana amechoka tu.

Mzee hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja.

"Mwanangu, ulijua lini?"

"Jumatano, Mzee. Saa kumi na moja asubuhi."

"Na leo ni Jumamosi."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole, akaangalia fimbo yake. Sijawahi kusomewa hukumu mahakamani, lakini sidhani ingeniingia zaidi ya hiyo hesabu ya siku.

Mtu angetaka, ingewezekana kwenda mbali zaidi. Tuna mahakama ya madai madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na hasara ya mali imo. Katiba nayo, kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze maridhiano na njia za jadi. Mzee alichagua mti. Walikubaliana hivi: jirani alipe kondoo wawili, Mama atoe majike wawili kutoka zizini mwake. Wote wawili wachanje mbwa, wazike waya chini ya ardhi, na mbwa walale wamefungwa. Wakirudia, daktari wa mifugo ataitwa, naye hataitwa kuwachanja. Kuhusu kondoo watatu wa kwanza wa Mama, bado tunazungumza. Jirani ametuma pesa za mmoja kwa M-Pesa, bila ujumbe.

Niliwapeleka wale majike wawili mwenyewe. Mmoja alikuwa na kovu la meno pajani, mmoja wa wale walioshonwa. Mzee alimpapasa kovu, akanitazama, akafungua lango la boma. Mbwa wake wawili walikuwa wamelala hapo hapo mlangoni. Waliwanusa kondoo wapya kuanzia kwato hadi masikio, wakarudi kulala.

Siku hizi Simba anakaa nje mchana, chini ya macho yetu, na saa kumi na mbili jioni namfungia mimi mwenyewe. Analalamika. Kwenye grupu nimeifuta ile sentensi yangu ya kwanza, lakini watu wameshaisoma. Na kwa Mwalimu, kwenye daftari, chini ya jina la jirani wa lango jeusi sasa kuna jina la Mama na langu, tarehe ya Jumamosi ile, na neno moja: wameambiwa.